Fundi wa Magamba

Katika kiwanda cha nguo huko Athi River, Selpha alikuwa akishona mfuko wa kushoto. Suruali ilimfikia ikiwa nusu, akaitia mfuko, akaisukuma kwa mwenzake wa mbele. Alifanya kazi hiyo miaka mingi na hakuwahi kushona suruali moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiwanda kilipofungwa alibaki nyumbani Noonkopir, Kitengela, alikokuwa amepanga pamoja na dada yake Elsie. Elsie alikuwa muuguzi kwenye kliniki moja ya mjini. Alipokwenda kazini alimwachia Selpha kompyuta yake ya chuoni ili atafute kazi mtandaoni.

Selpha alitafuta. Waajiri hawakujibu. Basi, mchana ulipokuwa mrefu, akaanza kucheza gemu.

Gemu lenyewe lilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitaja. Wakenya waliolicheza waliliita Bondeni, kwa sababu kila mchezaji mpya huzaliwa bondeni, hana kitu ila shati na fimbo, kisha hupanda milimani kutafuta maisha. Huko kuna majoka ya kupigana nayo, madini ya kuchimba, na masoko ambamo watu walioketi mbele ya kompyuta zao, popote duniani, huuziana walichotengeneza. Mwanzoni Selpha aliuawa na fisi kila alipotoka nje ya lango. Siku moja, akiwa amelala chini akingoja kufufuka, alisikia sauti ya kijana kwenye hedifoni ikimwambia kwa Kiswahili, "Huyo fisi usimkimbie. Ukimkimbia anajua wewe ni chakula."

Huyo alikuwa Abshir. Alikuwa kijana wa Kajiado mjini, aliyewasaidia wazazi wake kuuza vitambaa na mazulia dukani kwao. Katika Bondeni aliongoza kikosi kidogo cha Wakenya, na siku hiyo hiyo alimwingiza Selpha. Baada ya hapo walicheza pamoja karibu kila siku. Walizungumza juu ya fisi na majoka, halafu juu ya mambo mengine: ugonjwa wa sukari wa baba yake Abshir, kiwanda cha Athi River, ukame, wachumba ambao mashangazi wa Abshir walikuwa wakimtafutia. Alipoleta mzigo Kitengela walikutana ana kwa ana, wakala chapati na maharagwe kwenye kibanda kando ya barabara ya Namanga. Hakukuwa na mapenzi kati yao, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. Alikuwa rafiki, na Selpha hakuwa na marafiki wengi.

Selpha alipenda upanga. Alikuwa amefika kiwango ambacho mchezaji hulazimika kuchagua njia yake, naye alitaka kuwa mpiganaji. Abshir ndiye aliyemzuia.

"Wapiganaji tuko nao mpaka tunakanyagana," alisema. "Fundi hatuna hata mmoja. Kila kitu tunanunua kwa wageni. Na wewe uko na mkono wa ufundi, nimekuona. Unashona ngozi ukingoja wenzako kama mtu anaomba."

"Nikichagua ufundi sitaweza kupigana tena."

"Sisi tutapigana. Wewe utatuvalisha."

Ufundi wenyewe ulikuwa na matawi. Mtu aliweza kufua silaha, au deraya za bamba, yaani mavazi ya vita ya chuma, au deraya za magamba, zile zinazoshonwa kwa magamba ya wanyama gamba juu ya gamba. Njia ya magamba watu waliikwepa. Ilikuwa ya polepole, na fundi wake alibaki dhaifu kabisa vitani. Lakini mwishoni mwake kulikuwa na kitu ambacho hakikupatikana katika njia nyingine yoyote, nacho ni Deraya ya Malkia wa Nyoka. Katika dunia nzima ya Bondeni ingeweza kutengenezwa mara moja tu. Fundi wa kwanza kuikamilisha angechongewa jina lake kwenye mlango wa jiji, libaki hapo, na baada yake tanuru la deraya hiyo lingefungwa kwa wengine wote. Tangu gemu lianze hakuna aliyewahi kuikamilisha.

"Itakuwa jina lako," Abshir alimwambia. "Si langu, si la kikosi. Lako. Naapa."

"Na nikishaapa kwenye jiwe siwezi kurudi?"

"Huwezi. Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi."

Selpha akamtembeza mtu wake wa kwenye gemu hadi kwenye jiwe la kiapo, akaweka mkono juu yake, akaapa. Upanga ukayeyuka mkononi mwake. Kikosi kizima kilikuwa kimekuja kushuhudia, na Mulinge, mkulima wa nyanya kutoka Loitokitok aliyekuwa mwindaji wao mkuu, alipiga kelele za furaha mpaka mke wake akasikika nyuma akimuuliza kama ameumia.

Zaidi ya mwaka mmoja Selpha alijifunza magamba. Alianza na ya samaki, akaenda kwa ya mijusi na ya mamba. Alijifunza kuyaloweka, kuyapanga kwa ukubwa, kuyatoboa bila kuyapasua, na kuyashona yaangalie chini ili mkuki uteleze. Tanuru lake lilihitaji kuchochewa kila siku. Likizimika, ufundi ulishuka ngazi, na kuupandisha tena kulichukua muda mrefu. Hakuliacha lizime. Kila deraya aliyoitengeneza aliianza yeye na kuimaliza yeye, kisha akamwona mtu akiivaa na kuondoka nayo kwenda vitani. Elsie aliporudi kutoka kliniki na kumkuta ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, alitikisa kichwa.

"Uliachishwa kazi ya mifuko, sasa umejiandika ya nyoka," alisema. Lakini alisogeza kiti akatazama, na mara nyingine aliuliza swali.

Magamba ya Malkia yalikuwa taabu nyingine. Nyoka wenyewe walijitokeza kwa nadra, na kumuua mmoja kulihitaji kikosi kizima. Mulinge na wenzake waliwasaka msimu baada ya msimu. Walichopata walikiweka kwenye ghala la kikosi, ambalo kila mwanachama aliweza kulifungua, na ghala likajaa kidogo kidogo. Ilibaki nyoka mmoja au wawili tu wakati baba yake Selpha, Mzee Lazarus, alipopiga simu kutoka Butere. Mama alikuwa amelazwa. Elsie hakuweza kuacha kazi wakati huo. Selpha akaanza kufunga nguo.

Kabla ya kuondoka alimpigia Abshir.

"Nenda, dada yangu," Abshir alisema. "Mama ni mmoja. Hii ingine itangoja."

"Tanuru litazima."

"Nipe neno lako la siri. Nitakuwa naingia kama wewe, nachochea moto, natoka. Sitagusa kitu kingine."

Selpha alimpa. Hakufikiria mara mbili. Angeweza kumpa ufunguo wa nyumba.

Mama alikaa hospitalini kwa muda, akafanyiwa upasuaji wa nyongo, kisha akarudi nyumbani akiwa dhaifu na mwenye hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyowapa wote matumaini. Selpha alimpikia uji, akamfulia, akamsaidia kuoga. Mtandao kijijini ulikuwa wa shida. Abshir alimtumia ujumbe mara kwa mara: mama anaendeleaje, moto unawaka, usijali. Halafu ujumbe ukapungua. Selpha alidhani ni mtandao.

Aliporudi Kitengela, mama akiwa tayari anatembea na kugombana na kuku, alifungua kompyuta kabla hata ya kutoa nguo kwenye begi. Moto ulikuwa unawaka. Alifurahi. Kisha akaona watu wamekusanyika kwenye mlango wa jiji, akaenda kuangalia kuna nini. Kwenye jiwe la juu palikuwa pamechongwa jina jipya: MamaChuma, fundi wa kikosi cha Tai Wekundu, mtengenezaji wa Deraya ya Malkia wa Nyoka.

Tai Wekundu lilikuwa kundi kubwa la Nairobi, maarufu, lenye wapiganaji wengi. Selpha alilisoma jina lile mara kadhaa. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba wamewahi tu. Kwamba wao pia walikuwa wakisaka nyoka, na wakashinda kwa haki. Alienda kwenye ghala la kikosi. Upande wa magamba ulikuwa mtupu.

Alimpigia Abshir. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Ndipo akampigia Mulinge.

"Selpha," Mulinge alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko kawaida. "Umerudi? Mama aje?"

"Mama ako sawa. Muli wangu, tumeibiwa. Magamba yote hayako."

 Nyuma ya Mulinge palisikika pampu ya maji ikinguruma shambani.

"Si tuliwapatia," alisema. "Vile ulisema."

"Vile nilisema nini?"

"Uliandika kwa ukumbi wa kikosi. Ati umechoka. Ati mama ni mgonjwa na roho yako haiko kwa nyundo tena, na ni vibaya sisi tukungoje. Magamba yapewe huyo fundi wa Tai, Abshir atapeleka. Mimi nilikuandikia, nikakuuliza kama uko sure. Ukanijibu. Ukasema, 'Muli wangu, niachilie nipumzike.'" Alisita. "Hiyo 'Muli wangu' ndiyo ilinifanya nisipige simu. Hakuna mtu mwingine huniita hivyo. Tuliua hao nyoka wa mwisho tukikuhurumia, Selpha. Wengine walilia."

Selpha alikaa kitandani, begi bado limefungwa miguuni pake. Hakumweleza Mulinge chochote wakati huo. Alimwambia tu kwamba atampigia baadaye. Aliona taswira moja tu: Abshir nyuma ya kaunta ya duka, ameingia kwa jina lake, anafikiria, *Selpha angesemaje hapa?* Kisha anaandika. Alikuwa amemsikiliza zaidi ya mwaka, alijua anavyoongea, alijua anamwita nani kwa jina gani. Ujuzi huo wote Selpha alikuwa amempa mwenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, bila kujua kwamba ni kitu kinachoweza kutumiwa.

Jumamosi alienda Kajiado.

Hakuwahi kufika dukani kwao, lakini Abshir alikuwa ameeleza mara nyingi lilipo, na alilipata bila kuuliza. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya udi. Msichana mwenye hijabu ya kijani alikuwa akipimia mama mmoja wa Kimaasai kitambaa, wakibishana bei kwa Kimaa na kucheka. Mama yule alipoondoka, msichana alimgeukia Selpha.

"Karibu, dada. Unaangalia nini?"

"Natafuta Abshir. Mimi ni Selpha, kutoka Kitengela."

Uso wa msichana ulifunguka. "Wewe ndio Selpha? Mimi ni Ayan, dada yake. Aki tumekusikia hapa nyumbani mpaka basi. Fundi wangu hivi, fundi wangu vile. Kaa. Ameenda kuswali, anakuja sasa hivi."

Kabla Selpha hajapata la kusema, alikuwa ameketishwa kwenye zulia lililokunjwa, na kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki kimewekwa mkononi mwake. Ayan alimuuliza habari za mama yake. Alijua hata hospitali aliyolazwa. Alisema walimwombea. Selpha alikunywa ile chai kwa sababu hakujua jinsi ya kuikataa.

Abshir aliingia akiwa anavua kofia. Alipomwona alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Simu yako inakata," Selpha alisema.

"Nilikuwa nataka kukupigia."

"Niko hapa."

Abshir alimtazama dada yake kama anayemwomba aondoke. Ayan hakuondoka. Alianza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Tai Wekundu wanaenda mashindano Nairobi," Abshir alisema. Aliongea haraka, akiangalia kikombe cha chai. "Mashindano ya ukweli, jukwaani, watu wanakuja kuangalia. Walikuwa wanatafuta mpiganaji mmoja wa mbele. Waliniambia nikikuja na magamba, nafasi ni yangu, na deraya naivaa mimi. Lakini ilikuwa lazima kabla majina yafungwe. Wewe ulikuwa Butere. Hatukujua utarudi lini. Hatukujua mama..." Akaacha.

"Hukujua mama atapona."

"Sikusema hivyo."

"Ungeniuliza. Simu nilikuwa nayo. Ulikuwa unaniuliza mama ako aje, ungeongeza hiyo swali moja."

"Ungekataa."

"Ndiyo," Selpha alisema. "Ningekataa."

Nje mtu alikuwa akiita wateja kwa kipaza sauti. Abshir alijikuna shingo. "Ilikuwa lazima watu wakubali. Nyoka wa mwisho walikuwa bado hawajauawa. Kikosi hakingenipa mimi hayo magamba. Wewe wangekupa. Kwa hivyo nika..."

"Malizia."

Ayan ndiye aliyeuliza, polepole, "Uliwaandikia watu ukijifanya ni yeye? Na mama yake ako hospitali?"

"Ni gemu, Ayan."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza kama ulifanya."

Abshir alimgeukia Selpha. Akasema, "Nitakusaidia uanze upya. Nitasaka nyoka mwenyewe, nitakupatia magamba yote."

"Ya kufanyia nini? Tanuru la Malkia limefungwa. Na nilishaapa. Siwezi kuwa mpiganaji, siwezi kuwa kitu kingine. Wewe ndiye uliniambia niape." Aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Hata magamba ungeiba tu, ningekuelewa. Mtu anaona kitu anakitaka, anachukua. Lakini uliwafanya watu wanihurumie kwa maneno sikusema. Mulinge ananiongelesha kama mgonjwa. Mpigie. Mwambie haikuwa mimi."

"Sasa hivi?"

"Niko hapa nasikia."

Alimpigia. Alisema kulikuwa na kutoelewana kidogo, kwamba ule ujumbe haukutoka kwa Selpha moja kwa moja, kwamba yeye aliandika akifikiri ndivyo Selpha angetaka. Selpha alimsikiliza akizungukazunguka hivyo, na kitu ndani yake, ambacho hadi asubuhi ile kilikuwa bado kinatafuta sababu ya kumsamehe, kikaacha kutafuta. Alisimama, akamshukuru Ayan kwa chai, akatoka.

Ayan alimfuata hadi kona. Hakumtetea kaka yake. Alisema tu, "Pole, Selpha," akangoja naye mpaka matatu ya Kitengela ilipojaa.

Mulinge mwenyewe alipiga simu jioni ile. Hakuwa amedanganywa na maneno ya Abshir. Alikuwa ameelewa yote. Aliomba msamaha kwa kutopiga simu wakati ule, Selpha akamwambia si kosa lake, na wote wawili wakajua kwamba kwa kiasi fulani lilikuwa. Kikosi kilivunjika. Wengine walimfuata Abshir kwa Tai Wekundu, wengine waliacha gemu kabisa. Mashindano yalifanyika, Tai walifika mbali, na picha ya Abshir akicheka jukwaani ilizunguka kwenye simu za watu. Elsie aliiona kliniki, hakumwonyesha dada yake.

Selpha alibadilisha neno lake la siri. Mulinge alimshauri aanze na mtu mpya, achague upanga tangu mwanzo, na akajaribu. Mtu mpya aliua fisi wa langoni kwa pigo moja. Baada ya siku chache Selpha alichoka naye, akarudi kibandani kwake, kwenye tanuru. Aliendelea kutengeneza deraya za mijusi na mamba kwa ajili ya wageni waliopita. Zilikuwa nzuri, na watu walirudi. Lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Zamani, mgeni akisimama kibandani, Selpha alimuuliza ametoka wapi, na kama mvua inanyesha huko kwao. Sasa alipima, akashona, akakabidhi. Mtu alipomwita kwa uchangamfu alijikuta anachagua maneno, asiseme lolote ambalo mtu mwingine angeweza kujifunza kulisema. Hakulipenda hilo ndani yake, wala hakujua namna ya kuliondoa.

Mchana mmoja, Elsie akiwa na siku ya mapumziko, mpiganaji alisimama mbele ya kibanda akiwa amevaa Deraya ya Malkia wa Nyoka. Selpha hakuwa ameiona kwa karibu. Ilikuwa nzuri kweli. MamaChuma, yeyote aliyekuwa, alijua kazi. Magamba yalikuwa na weusi unaoelekea kijani, yamepangwa bila kosa mpaka begani, ambako pigo la mkuki lilikuwa limeyapasua na kuacha nyuzi zikining'inia.

"Selpha," sauti ya Abshir ilisema kwenye hedifoni. "MamaChuma ameacha kucheza. Hakuna mtu mwingine anaweza kuirekebisha."

Alilitazama lile bega. Alijua ni magamba yapi yangetolewa, na angeanzia wapi.

"Mimi pia siwezi," alisema.

"Unaweza. Najua unaweza."

"Basi sitaki."

Abshir alibaki amesimama pale. Hakuomba tena, na hakuondoka. Nyuma yake mgeni mwingine alikuwa amefika na ngozi mbichi ya mjusi, anangoja zamu. Elsie aliinama juu ya bega la dada yake akakitazama kioo.

"Huyo ni nani?"

"Ni Abshir," Selpha alisema. Akambonyeza yule mgeni wa nyuma, akamwambia asogee mbele, akamuuliza anataka deraya ya mikono mirefu au mifupi.